Zana nne za bure za kusomea Kilatini, zapimwa kwa sura moja ya Caesar

Aliyemaliza kitabu cha mwanzo cha Kilatini na kuzikariri jedwali zake hukwama ukurasa wa kwanza tu wa Caesar, jemadari wa Kirumi aliyeandika habari za vita vyake. Maneno anayajua karibu yote, ila sentensi haifunguki. Hapo ndipo watu hukimbilia mtandaoni, na zana nzuri za bure zipo: Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, Words ya William Whitaker, Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago, na Dickinson College Commentaries ya huko Pennsylvania, ambayo imebeba ndani yake sarufi nzima ya Allen na Greenough ya mwaka 1903. Zote nne hazidai hata senti. Zinachotofautiana ni kazi. Perseus na Words zinakuambia neno linaweza kuwa nini, Logeion inakupa maana, na ile sarufi ya Dickinson peke yake ndiyo inayoeleza kwa nini sentensi imejengwa hivyo. Wanafunzi wengi wanashinda kwenye zile mbili za kwanza, na ndiyo maana hawasogei.

Kipimo chetu ni sura ya 13 ya kitabu cha kwanza cha Vita vya Gallia. Ni mwaka 58 K.K. Caesar ameshalipiga kundi moja la Wahelveti, taifa lililokuwa likihama, kwenye mto Arar, ambao leo ni Saône nchini Ufaransa. Sasa anawataka waliobaki:

Hoc proelio facto, reliquas copias Helvetiorum ut consequi posset, pontem in Arari faciendum curat atque ita exercitum traducit.

Maneno 18, na karibu kila la tatu lina mtego wake.

Tuanze na Words. Whitaker alikuwa kanali wa jeshi la anga la Marekani, na programu yake aliiandika kwa lugha ya Ada. Sura yake ni ya kizamani, herufi tupu bila mapambo, lakini ni nyepesi na unaweza kuiweka kwenye kompyuta ukaitumia bila intaneti. Kwa mtu anayehesabu bando, hilo si jambo dogo. Ukiandika exercitum, inakurudishia mistari ya namna hii: N 4 1 ACC S M, yaani nomino ya kundi la nne, akusativu (umbo la yambwa), umoja, jinsia ya kiume. Chini yake inaongeza VPAR, partisipi ya kutendwa (kitenzi kilichogeuzwa kuwa kivumishi) ya kitenzi exerceo, na SUPINE, yaani nomino inayotokana na kitenzi hichohicho. Haikosei. Umbo hilo kweli linaweza kuwa yote hayo. Lakini Words haiisomi sentensi, inasoma neno moja moja, na kazi ya kuchagua inabaki kwako.

Shida inaonekana vizuri kwenye maneno matatu ya kwanza. Ukiweka facto, unapewa partisipi ya facio na nomino factum, kila moja kwa dativu (umbo la anayepewa) na kwa ablativu (umbo la "kwa", "kutoka" au "katika"). Proelio nayo ni dativu au ablativu. Mwanafunzi akichukua mstari wa juu anasoma "kwa vita hivi" kama vile kuna mtu anapewa kitu, kisha anatafuta nani anatoa, asimwone. Jibu limo kwenye hoc. Dativu yake ni huic, kwa hiyo hoc haiwezi kuwa dativu kamwe, na kwa kuwa maneno hayo matatu yanapatana, yote yamefungwa kwenye ablativu. Hiyo ndiyo ablativu absoluti, kifungu kinachosimama kando ya sentensi kuu: "vita hivyo vilipokwisha kupiganwa". Hakuna zana kati ya hizi itakayokupa hoja hiyo ya hoc. Zinakupa vipande tu. Basi kanuni ya kwanza ya kutumia Words ni kutoingiza neno lenye utata kabla ya kuingiza jirani yake asiye na utata. Neno lenye maumbo machache ndilo linalowaamulia mengine.

Kuna herufi tano kwenye mabano mwishoni mwa kila kidahizo (neno kuu la kamusi) cha Words, kwa mfano [XXXAX], ambazo watu huziruka. Msiziruke. Herufi ya kwanza ni zama: C ni Kilatini cha kale cha akina Cicero, F ni cha karne za kati, X ni cha nyakati zote. Ya pili ni uwanja: E ni mambo ya Kanisa, L ni sheria. Ya nne ni wingi wa matumizi, kuanzia A kwa maneno ya kila siku kushuka hadi yale ya nadra. Ukisoma Caesar ukapewa vidahizo viwili, kimoja kina A kwenye nafasi ya wingi wa matumizi na kingine kina F kwenye nafasi ya zama, usipoteze muda kwenye cha pili. Kasoro nyingine ya Words ni majina: ya watu na ya mahali hayamo yote, na ikikosa jina hujaribu kulikatakata ili lifanane na kitu inachokijua. Neno likianza kwa herufi kubwa na jibu likawa la ajabu, chukulia kwamba ni jina uendelee.

Perseus inafanya kazi ileile, ila neno unalibofya ndani ya matini, halafu inathubutu kuchagua. Umbo inaloliona la kufaa zaidi huwekewa alama ya †, na maelezo yake yanasema wazi kwamba limechaguliwa kwa njia ya takwimu, linaweza kuwa sahihi au lisiwe. Pembeni kuna kura za wasomaji. Uaminifu huo tunausifu, tatizo ni kwamba msomaji aliyechoka haoni onyo, anaona alama tu. Takwimu hupatia pale ambapo hata wewe ungepatia. Pale penye mtego, ambapo mwandishi amelitumia umbo la kawaida kwa kazi isiyo ya kawaida, ndipo zinapoteleza. Tumieni Perseus kwa kusoma haraka matini mliyokwisha kuyafanyia kazi, si kwa kuyafungua mara ya kwanza.

Turudi kwenye sentensi. Reliquas copias Helvetiorum imekaa mbele ya ut, ingawa ni mali ya ndani ya kishazi cha ut: ndiyo inayofuatwa katika consequi. Caesar anapenda kulitanguliza jambo linalomhusu msomaji kisha ndipo afungue kishazi. Asiyejua hilo huiunganisha copias na kitenzi kikuu curat, na kwa kuwa kamusi inasema curo ni kutunza, anapata Caesar anayewatunza maadui zake kwa upendo mkubwa. Hapa Logeion inasaidia nusu. Ni ghala la kamusi: unaandika neno hata likiwa katika umbo la sentensi, linakupeleka kwenye kidahizo, na unaona kamusi kadhaa mahali pamoja, ikiwemo ile kubwa ya Lewis na Short ya mwaka 1879. Ukisoma copia hadi chini utakuta kwamba umoja wake ni wingi wa kitu, utele, na kwamba kwa wingi, copiae, ni majeshi. Tatizo la Lewis na Short ni urefu: maana unayoitaka inaweza kuwa chini kabisa, imezikwa kwenye vifupisho. Dawa ni kutafuta kwanza maneno madogo kama plur. na with inf., kwa sababu hayo yanakuambia muundo unaobadilisha maana, kabla ya kusoma maana zenyewe. Kwenye curo, kwa mfano, tafuta inavyotumika na gerundivu, kivumishi cha kitenzi kinachodokeza jambo la kufanywa.

Na hapo ndipo tunafika kwenye zana yenye thamani kubwa kuliko zote. Pontem faciendum curat: Words itasema faciendum ni gerundi (nomino ya kitenzi) au gerundivu, na kwamba kwa umbo lake inaweza kuwa ya jinsia ya kiume au ile ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike. Lakini pontem ni ya kiume na ni akusativu, kwa hiyo faciendum inapatana nayo, ni gerundivu. Sawa, na halafu? Kwa nini Caesar asiseme tu "anajenga daraja"? Fungua Allen na Greenough kwenye tovuti ya Dickinson, kifungu cha 500. Utakuta kwamba baada ya vitenzi fulani gerundivu hupatana na yambwa na kuonyesha kusudi, yaani kuagiza au kusimamia jambo lifanyike. Caesar hajengi kwa mikono yake. "Anahakikisha daraja linajengwa." Sentensi nzima basi ni: vita hivyo vilipokwisha kupiganwa, ili aweze kuyafikia majeshi mengine ya Wahelveti, anahakikisha daraja linajengwa kwenye Arar, na hivyo analivusha jeshi. Sarufi hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 100 na bado hatujaona ya bure inayoishinda kwa msomaji wa fasihi, kwa sababu mifano yake inatoka kwa waandishi wenyewe na vifungu vyake vina namba zinazonukuliwa kila mahali.

Udhaifu wake ni kwamba haijibu swali ambalo hujui kuliuliza. Ukiingia bila namba, unapotea. Kwa hiyo zibandikeni hizi ndani ya daftari: 419 na 420 ablativu absoluti, 482 hadi 485 mfuatano wa njeo, 488 hadi 499 partisipi, 500 hadi 507 gerundivu na gerundi, 531 kusudi, 534 na 535 kishazi rejeshi cha sifa, 537 matokeo, 544 hadi 549 cum, 564 vitenzi vya kuogopa, 580 na kuendelea usemi wa taarifa. Kwa hizo mtu anasoma Caesar na Cicero kwa sehemu kubwa. Masharti (511 hadi 525) yanaweza kusubiri.

Mfano wa jinsi namba inavyookoa: curat ni wakati uliopo, lakini posset ni subjunktivu (hali tegemezi ya kitenzi) ya imperfekti, yaani ya wakati uliopita. Mwanafunzi mwenye bidii, aliyeikariri kanuni ya mfuatano wa njeo, kwamba kitenzi kikuu cha uliopo hakifuatwi na subjunktivu ya uliopita, hudhani kuna kosa la chapa. Kifungu cha 485 kinaeleza kwamba uliopo wa kihistoria, ule wa masimulizi, mara huhesabiwa kama uliopo na mara kama uliopita. Msimulizi wa Kiswahili hufanya vivyo hivyo: "Basi anafika mlangoni, anamkuta mzee amekaa", na hakuna anayedhani ni leo.

Sasa sentensi inayofuata, ambayo ndiyo kipimo halisi:

Helvetii repentino eius adventu commoti, cum id quod ipsi diebus XX aegerrime confecerant, ut flumen transirent, illum uno die fecisse intellegerent, legatos ad eum mittunt.

Hapa zana za neno moja moja hazina la kusema kabisa. Kila neno ni rahisi. Kazi ni mpangilio, na inafanyika kwenye karatasi kabla ya kugusa kitufe. Andika sentensi kwa nafasi pana. Pigia mstari vitenzi vyenye nafsi tu: confecerant, transirent, intellegerent, mittunt. Vinne. Zungushia viunganishi na viwakilishi rejeshi: cum, quod, ut. Vitatu. Kila kimoja cha hivi vitatu kinadai kitenzi kimoja, kwa hiyo kinabaki kimoja kisicho na mdai, nacho ndicho kikuu. Quod iko karibu zaidi na confecerant, zinafungana. Ut na transirent zinafungana. Cum ilifunguliwa kwanza, kwa hiyo inafungwa mwisho na intellegerent. Aliyebaki ni mittunt, na kiima chake ni neno la kwanza kabisa, Helvetii. Kati ya kiima na kitenzi kuna maneno 23, ukiihesabu XX kuwa neno.

Baada ya hapo maswali ya zana ni machache na yana maana. Cum ni kihusishi au kiunganishi? Words itakupa yote mawili, lakini linalofuata ni id, ambalo si ablativu, basi ni kiunganishi. Intellegerent inatambua nini? Illum fecisse, akusativu na infinitivu (kitenzi kisicho na nafsi), "kwamba yeye amefanya" (580). Amefanya nini? Id. Na ut flumen transirent linaning'inia wapi? Wengi hulisoma kama kusudi, "ili wavuke mto". Si kusudi. Linaifafanua id: jambo lenyewe ni kule kuvuka. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote katika sura hii, na chanzo chake ni kukariri kwamba ut pamoja na subjunktivu ni "ili". Kila ut iulizwe kwanza kama kuna id, hoc au ita inayoingoja.

Tafsiri: Wahelveti, wakiwa wameshtushwa na ujio wake wa ghafla, walipotambua kwamba lile walilolitimiza wao kwa taabu kubwa kwa siku 20, yaani kuuvuka mto, yeye amelifanya kwa siku moja, wanatuma wajumbe kwake. Angalia walilolitimiza. O-rejeshi ya Kiswahili inalazimika kupatana na "lile", sawa na quod inavyolazimika kupatana na id. Anayepitia Kiingereza hupata which, ambayo haipatani na chochote, na katika sentensi ndefu hukosa kuona inarejea wapi. Ni busara kufanya tafsiri ya kwanza, ile ya kikavu ya neno kwa neno, moja kwa moja kwa Kiswahili hata kama maelezo ya sarufi umeyasoma kwa Kiingereza.

Dickinson yenyewe, mbali na sarufi, ina matini yenye maelezo na msamiati pembeni, na maelezo hayo yanakupeleka kwenye namba za Allen na Greenough. Kwa Caesar ni mateuzi tu. Kitabu cha kwanza kinaishia sura ya 7, kwa hiyo sura yetu ya 13 haimo, na tuliichagua makusudi. Anayeanza aanzie sura hizo saba, aone maelezo yanauliza maswali gani, kisha ajiulize mwenyewe maswali hayohayo huko mbele. Wana pia orodha ya maneno 1000 ya msingi, iliyowekewa alama za irabu ndefu, na wanakadiria kwamba maneno hayo huzaa karibu asilimia 70 ya maumbo katika matini ya kawaida. Hiyo ikarirwe mapema. Mtu anayebofya kila neno la pili hawezi kushika kishazi kichwani hadi kitenzi kifike.

Alama hizo za irabu si urembo. Cicero, msemaji maarufu wa Roma, anafungua hotuba yake dhidi ya adui yake Catilina hivi: Quo usque tandem abutere, Catilina, patientia nostra? Abutere bila alama inaweza kuwa uliopo, ujao, au hata amri, kwa sababu abutor ni deponenti, umbo la kutendwa lenye maana ya kutenda, na -ere ni mbadala wa -eris. Irabu ya pili kutoka mwisho ikiwa ndefu, abūtēre, ni ujao: "Utauchezea uvumilivu wetu hadi lini?" Words haizingatii urefu wa irabu, kwa hiyo itakupa orodha yote. Na patientia nostra si kiima. Ni ablativu, kwa kuwa utor na ndugu zake huitaka ablativu (410). Mwanafunzi aliyeliona neno linaishia -a akalifanya kiima amepoteza sentensi nzima.

Kwenye ushairi pengo hilo linazidi. Mstari wa kwanza wa utenzi wa tano wa Horatius, mshairi wa Kirumi, kitabu cha kwanza: Quis multa gracilis te puer in rosa. Ukiiuliza Words kuhusu multa, itakupa kivumishi kwa sura kadhaa, nomino multa yenye maana ya faini, na amri ya kitenzi multo, kuadhibu. Msomaji wa Kiswahili amezoea upatanisho wa ngeli, lakini amezoea pia kivumishi kikae jirani na nomino yake. Hapa gracilis ni ya puer, na multa ni ya rosa iliyo mwisho wa mstari. Te ("wewe"), yaani Pyrrha, mwanamke anayeambiwa, ameshikwa katikati ya gracilis na puer, kijana na mawaridi pande zote. Uamuzi unatolewa na mizani: silabi ya tatu ya mstari wa aina hii lazima iwe ndefu, kwa hiyo ni multā, ablativu, na inamngoja rosā. Kwa hiyo kwa Horatius pigeni mizani kwanza, zana baadaye. Na tafsiri za mashine wekeni kando kabisa hapa: zinakupa sentensi laini isiyokuonyesha neno gani limekwenda na lipi.

Kwa mafrateri, ambao Kanuni ya 249 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataka wakijue Kilatini vizuri, Words inapanda daraja, kwa kuwa imechukua maneno mengi ya Kanisa na ya karne za kati ambayo kamusi za Kilatini cha kale hazina. Allen na Greenough nayo inashuka kidogo: haikuandikwa kwa ajili ya Vulgata, Biblia ya Kilatini, na ukikutana na dixit quia au dixit quod ("alisema kwamba") mahali ulipotarajia akusativu na infinitivu, usiitafute kule. Chukulia quia kuwa "kwamba", uendelee kusoma.

Lugha ya maelezo ni Kiingereza kote, na cha Allen na Greenough ni cha kizamani. Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosomea Kifaransa wana kamusi ya Gaffiot ya mwaka 1934, ambayo kwa mpangilio wa maana ni rahisi kuliko Lewis na Short. Sarufi ya 1903 haina tena hakimiliki, kwa hiyo nakala yake inapakuliwa bure na inaweza kuchapwa. Kama ni kuchapa sehemu tu, anzeni kifungu cha 482 hadi 593, sintaksia ya vitenzi. Jedwali za maumbo mnazo tayari kwenye kitabu cha mwanzo.